Kabla Sijakupa Ufunguo

Zirudishe kwanza hizo noti mfukoni, Lusweti,
hazina miguu. Njoo huku nyuma ya ghala la pareto
ulale chini. Ndiyo, na hilo shati jeupe.
Landrova hainunuliwi kwa kusimama.

Shika nyundo. Gonga chesisi polepole
kama unavyogonga tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa.
Ikijibu *ngo*, hicho ni chuma.
Ikijibu *pwa*, hiyo ni kutu iliyopakwa rangi.
Bodi usiitazame sana: ni alumini,
itakuchekea miaka sitini huku mifupa ikimung'unyika.
Hapo ulipogonga sasa, karibu na gurudumu la nyuma,
palichomelewa Elburgon, mwaka wa elinino.
Sikufichi. Muuza ng'ombe hutaja na teke lake.

Umeona matone? Usiite fundi.
Oili ikidondoka, ujue imo.
Siku utakayokuta sakafu kavu
ndiyo siku ya kuogopa.

Breki ukanyage mara mbili:
ya kwanza ni kubisha hodi, ya pili ndiyo kuingia.
Tena huvuta kushoto, basi usiifunge ghafla
penye mtaro upande huo,
na hapa Mau Narok mtaro uko pande zote.
Mteremko ushuke kwa gia uliyoupandia.

Gia ya kwanza na ya pili hazina ulaini wa magari yenu.
Klachi, toa, achia, guza mafuta kidogo,
klachi tena, ndipo uingize.
Ukikosea italia kama bati linaloburutwa kwenye kokoto,
na mlima mzima utajua ni wewe.
Si kitu. Mimi walinijua miaka mitatu.

Hiki kirungu cha manjano
kibonyeze kabla ya tope.
Nimesema kabla.
Wanaume wa huku huingia kwanza, wakazama hadi ekseli,
ndipo wakakumbuka kwamba magurudumu ni manne.
Nimewavuta mmoja mmoja kwa kamba ya katani.
Marehemu mume wangu nilimvuta mara mbili,
ya pili akiwa na suti ya harusi ya mtu.

Baridi ya Julai betri italala.
Kuna mkono wa chuma nyuma ya kiti; uingize mbele, uzungushe,
lakini dole gumba lilaze upande mmoja na wenzake.
Injini ikirudisha teke
haiulizi kidole ni cha nani.
Tazama changu. Hiki hakikuzaliwa hivi.

Utataka kuipamba, najua.
Vijana hununua taa sita za juu ya paa
kabla ya kununua mpira mmoja wa breki.
Iache na rangi yake, iache na hilo bonde mlangoni.
Kwanza ijue inapokohoa: asubuhi, au ikipata joto,
ikipanda, au ikipumzika.
Wewe daktari wa mifugo. Hawa nao hawasemi panapouma.

Nakuru mjini, nyuma ya stesheni ya reli, mwulizie Ogweno.
Si rahisi, ila akifungua kitu hukifunga.
Wale wengine watakubakishia skrubu mbili kiganjani
waape kwamba hazikuwa na kazi.

Na hili daftari halimo kwenye bei, chukua.
Kila oili, kila plagi, kila tairi, na tarehe yake.
Ukifika ukurasa wa arobaini mwandiko unabadilika.
Usiniulize. Endelea kuandika ulipoishia mimi.

Haya, inuka, jifute. Lete sasa pesa.
Siku ukipita na sindano zako kwenda Likia,
usihangaike na honi, ilikufa zamani.
Nitakusikia pale kona ya shule
ukitafuta gia ya pili,
na nitajua kama ulikuwa ukisikiliza
au ulikuwa ukihesabu noti.